Fungu la kumi: la mtaji ama la faida?

Tuko Jinja. Sisi familia tatu tuliotoka kambini tunaishi kwa mukene. Tunanunua pale Masese, ziwani, tunapakia kwenye basi, tunaenda kuuza Mbale. Sasa kuna neno limetuletea ubishi nyumbani, nalo ni fungu la kumi.

Tukinunua gunia kwa shilingi 100,000 na kuliuza 120,000, tutoe 12,000 ama 2,000? Mhubiri mmoja alituambia 12,000, eti zote zimepita mkononi mwetu. Hapana jamani! Hapo inabaki 8,000, na nauli bado. Safari chache tu mtaji umekwisha, watoto wanalala njaa.

Tukafungua Biblia. Abramu alimpa Melkizedeki sehemu ya kumi ya nyara za vita (Mwanzo 14), na hatusomi popote kwamba alirudia. Sheria ya Musa ilidai mavuno na mifugo; Walawi walikula humo kwa sababu hawakugawiwa shamba. Lakini Kumbukumbu la Torati 14 ndiyo ilitushangaza: kila mwaka wa tatu fungu lile liliwekwa mjini, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Mgeni! Si ndiye sisi? Hapo mhubiri hakufika.

Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho juu ya changizo, hakutaja kumi. Kila mtu atoe alivyokusudia moyoni. Ni baadaye sana, mwaka 585, maaskofu waliokutana Mâcon, Ufaransa ya leo, walipowaamuru waumini kulipa, na mwaka 779 mfalme Charlemagne akaifanya sheria ya serikali. Wafaransa waliifuta katika mapinduzi ya 1789.

Huku mashariki mwa Uganda watu wanaleta walichonacho: matoke, kuku, mayai. Ibada ikiisha vinapigwa mnada nje ya kanisa, na kelele zake ni tamu kuliko mahubiri mengine. Mwenye kuku haulizwi ana wangapi nyumbani.

Kwa sasa sisi tunatoa katika faida, nauli ikishatolewa. Kilichobaki kubishaniwa ni mgao wa kambini. Vijana wanasema msaada si mavuno, hauna fungu la kumi. Lakini bibi yetu aliyebaki huko, unga ukipatikana, anapima vikombe kumi, kimoja anampelekea mjane wa jirani. Tumemwambia apunguze. Hasikii.