Nimebakiza Mwaka Mmoja

Laptopu yangu ni ThinkPad T430, ya mtumba. Mum aliinunua Luthuli kwa pesa za chama nilipoingia chuo. Mwaka wa tatu ulipoisha karo ikakosekana. Nikarudi nyumbani nayo, nimebakiza mwaka mmoja.

Juzi nikapata kazi ya kuhariri picha 300 za ruracio. Nikapakua toleo jipya la programu ya picha, ikagoma kufunguka. Eti prosesa haina AVX2. Nikasoma hadi usiku wa manane. AVX2 ni maagizo yanayoiwezesha prosesa kupiga hesabu za namba nyingi kwa mkupuo mmoja, na picha ndani ya kompyuta ni namba tupu. Intel ilianza kuyaweka mwaka wa 2013. Prosesa yangu ni ya 2012. Hata ukiongeza RAM, haisaidii.

Mwaka mmoja tu, na mlango umefungwa. Hiyo stori naijua.

Nikaweka GIMP, ya bure. Feni ikanguruma siku nne, picha moja moja, hadi zikaisha.

Mum akachungulia mlangoni. "Hiyo kitu bado inafanya kazi?"

"Inafanya, Mum."

Ya 2013 sikumwambia.