Pambo na Mlango

Kila zama zina pambo lake, na kila pambo lina siku zake. Wazee wetu walianza barua kwa salamu ndefu, wakauliza hali ya jamaa mmoja mmoja, kisha ndipo wakataja haja yao. Salamu zile zilikuwa ndefu lakini hazikuwa tupu. Aliyezisoma alijua nani anamkumbuka, na kwa kiasi gani. Zama zetu zimepata barua ya namna nyingine, inayoandikwa na mmoja na kufunguliwa na maelfu, nayo ni ukurasa wa tovuti. Barua hii pia ina salamu zake na mapambo yake. Ninalotaka kulichungua katika insha hii ni pambo lililoacha kumtumikia msomaji likaanza kumtumikisha, pamoja na maneno ya fahari yanayofuatana nalo kama tarumbeta inavyofuatana na gwaride.

Ukurasa wa kwanza wa wavuti, kazi ya Tim Berners-Lee wa taasisi ya CERN, ulifunguliwa kwa watu mwaka 1991. Ulikuwa na maandishi na viungo tu, basi. Baadaye mitindo ilikuja kwa misimu, kama kanga mpya zinavyoingia dukani. Baada ya mwaka 2004, jina la Wavuti 2.0 liliposhika masikio ya watu, vitufe viliviringwa pembe na kupakwa mng'ao kama wa kioo kilicholowa maji, na herufi zikatupiwa kivuli chini. Mwaka 2013 kampuni ya Apple ilivua mng'ao huo katika simu zake, Microsoft ikiwa imekwisha kutangulia, na dunia ikavua pia. Kilichoitwa cha kisasa jana kikaitwa kichakavu leo. Kisha zikaja picha kubwa zinazojaza kioo kizima. Picha zinazopokezana kila baada ya sekunde chache. Mandhari yanayosogea polepole nyuma ya maandishi. Dirisha linaloruka mbele ya macho kuomba anwani ya barua pepe, na jingine linaloomba idhini ya vidakuzi. Sasa imekuja roboti ya mazungumzo, inayomsalimu mgeni kabla hajajua amefika wapi.

Maneno hayakubaki nyuma ya picha. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja iliniomba nisafishe Kiswahili cha ukurasa wake kabla haujatolewa. Nilikuta "suluhisho bunifu," "huduma jumuishi na endelevu," na "uzoefu usio na mshono." Hilo la mwisho lilinisimamisha kwa muda, maana kwetu nguo isiyo na mshono ni kitambaa ambacho fundi hajakigusa bado. Nilisoma aya tatu zote nisijue kampuni ile inauza nini. Nikapiga simu kuuliza. Jibu lilikuwa fupi na zuri: walikuwa wakikodisha majokofu kwa wachuuzi wa samaki. Nikawaambia, "Basi andikeni hivyo." Wakanijibu kwa heshima kwamba maneno hayo ni ya kawaida mno.

Jibu lile nimelifikiri mara nyingi. Kuna kipimo chepesi cha kujua kama sentensi ina kitu ndani yake: igeuze, kisha uulize kama yuko mtu atakayethubutu kuisema hivyo. Nani atatangaza kwamba huduma zake zimepitwa na wakati, zinabagua watu, na hazitadumu? Hayuko. Kama kinyume cha neno hakisemeki na mtu yeyote, basi neno lenyewe halimpambanui anayelisema na mwenziwe. Ni sauti ya kibao, si habari. Lakini "tunakodisha majokofu kwa wachuuzi wa samaki" ni sentensi inayoweza kukanushwa, inayoweza kuulizwa bei, na inayoweza kumleta mteja mlangoni. Ukawaida wake ndio utajiri wake.

Katika ukurasa ule palikuwa na neno jingine lililonigusa zaidi: "mfumo ikolojia wa kidijitali." Mimi ni mkazi wa Pasiansi, na ziwa la Viktoria li karibu nasi kama jirani. Hapa maneno "mfumo ikolojia" si mapambo. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara walipandikizwa katika ziwa hili. Wakaongezeka, wakala, aina nyingi za furu zilizokuwako hazionekani tena, na wakati huohuo viwanda vya minofu vikasimama Mwanza na kuwapa watu kazi. Neno hilo, basi, linabeba uhai na kifo, faida na hasara, nani anamla nani na nani analishwa na nani. Katika ukurasa wa kampuni lilikuwa na maana ya programu mbili na namba ya simu. Neno zito likibebeshwa kazi nyepesi kwa muda mrefu husahau uzito wake, na siku tutakapolihitaji kwa ajili ya ziwa tutalikuta limechoka.

Ziwa hilohilo linatupa mfano wa pambo lenyewe. Magugumaji yaliingia humu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ua lake ni la zambarau iliyopauka, na mtu asiyejua angeweza kulichuma akalitia chomboni. Hakuna mvuvi aliyelishitaki gugu hilo kwa ubaya wa sura. Alilishitaki kwa kuwa lilitanda juu ya maji hata mtumbwi ukashindwa kufika ufukoni. Hivyo ndivyo ninavyoushitaki mtindo wa kurasa zetu. Sisemi kwamba ni mbaya wa sura. Nasema kwamba umetanda mahali pa kutulia.

Msomaji aliye chuoni, mwenye kompyuta mezani na intaneti isiyohesabiwa, anaweza kudhani ninakuza jambo dogo. Na afike siku moja katika duka la steshenari la mtaani, wakati wa maombi ya kujiunga na vyuo. Hapo vijana huja na vyeti vyao ndani ya bahasha, nao humlipa mwenye duka awafungulie tovuti, awasomee na kuwajazia fomu. Nilimwona binti mmoja akitafuta mambo mawili tu katika tovuti ya chuo fulani, ada na siku ya mwisho ya maombi. Alikuwa amejaribu kwanza kwa simu yake, na bando lake likaisha. Hapo dukani ukurasa ulifunguka kwa picha ya wahitimu waliorusha kofia juu. Ikapita, ikaja ya jengo. Ikapita, ikaja ya mkutano. Juu yake palielea maneno "Kubuni Kesho Bora." Ada ilipatikana mwishowe ndani ya waraka uliofungwa chini ya picha ya tatu, na picha ya tatu ilikuwa haingoji mtu. Binti yule alilipia mara mbili: bando lililoteketea kwa picha, na mtu wa kumtafutia kilichofichwa na picha. Alikuwa anajua kusoma vizuri kabisa. Ukurasa ndio uliokuwa haujui kusomwa.

Mzigo huu hupimika. HTTP Archive, mradi unaohifadhi vipimo vya kurasa za wavuti, ulionyesha kwamba mwaka 2010 ukurasa wa kati ulikuwa na uzito usiofika nusu megabaiti. Leo umepita megabaiti 2. Maneno ya watu hayakuongezeka mara nne katika muda huo. Kilichoongezeka zaidi ni picha na programu zinazozichezesha, na anayelipa gharama ya kuvipakua ni yule anayenunua intaneti kwa vipimo vidogo vidogo.

Na je, michezo hiyo inamfaa hata mwenye tovuti? Mwaka 2013 Erik Runyon wa Chuo Kikuu cha Notre Dame nchini Marekani alitoa hesabu za ukurasa wa chuo chake. Katika kila wageni 100, kama mmoja tu ndiye aliyebofya picha zinazopokezana. Na katika kila mibofyo 100 ya namna hiyo, 84 iliangukia picha ya kwanza. Picha zilizofuata zilikuwa kama wasemaji wa mwisho katika mkutano mrefu, wenye haki ya kunena mbele ya viti vitupu. Habari hii inajulikana kwa wasanifu tangu wakati huo, na picha zingali zinazunguka. Sababu yake, nadhani, haimo katika ufundi bali katika ofisi. Kila idara inataka ionekane mbele, na picha zinazopokezana huwaridhisha wakuu wote bila ya yeyote kuambiwa kwamba jambo lake si la kwanza. Pambo hilo ni mapatano ya wenye nyumba, na mgeni ndiye anayelipa karamu.

Nisije nikafikiriwa kwamba nauchukia uzuri. Sisi ni watu wa nakshi. Milango ya Mji Mkongwe wa Unguja imechongwa maua, minyororo na mawimbi, na watu husafiri mbali kuja kuitazama. Lakini fundi wa mlango ule alichonga miimo, vizingiti na mbao za mlango. Hakuchonga mahali pa kupita. Mlango wa nakshi hufunguka kama mlango mwingine. Pambo linalojua mipaka ya mlango ni adabu. Pambo linaloziba mlango ni ukuta.

Wala sizichukii kurasa kwa kufanana. Kufanana ni kwa namna mbili. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilizinduliwa kwa pamoja zikiwa na umbo la namna moja; aliyejifunza kutafuta tangazo katika moja hapotei katika nyingine. Huku ni kufanana kwa mazoea, kama mitumbwi inavyofanana kwa sababu maji ni yaleyale. Kufanana kwa mtindo ni kingine: ni kuchukua umbo bila ya haja iliyolizaa. Mistari mitatu tunayoibonyeza kufungua orodha ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, ambamo nafasi ilikuwa finyu. Katika kioo cha simu mistari hiyo ina udhuru wake hata leo. Katika kioo kipana cha mezani, penye uwanja mtupu pande zote, kuificha orodha nyuma yake ni kufunga mwavuli kichwani ndani ya nyumba.

Yapo pia maneno yaliyozaliwa na ukweli kabla ya kuwa mtindo. Mwaka 2010 Ethan Marcotte alieleza namna ya kuunda ukurasa mmoja unaojipanga wenyewe kwa kadiri ya upana wa kioo, uwe wa simu au wa kompyuta. Kwa nchi inayosoma kwa simu, fikra hiyo ilikuwa rehema. Haukupita muda jina lake likatundikwa hata juu ya kurasa ambazo herufi zake hazisomeki bila ya kukuza kwa vidole viwili. Neno zuri halifi kwa kukataliwa. Mara nyingi hufa kwa kushangiliwa na wasiolitenda.

Mfano wa kinyume tunao nyumbani. Siku Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo, nchi nzima hukimbilia kurasa zisizo na pambo lolote: orodha ya shule, kisha jedwali lenye namba ya mtahiniwa, jinsia, jumla ya alama, daraja na masomo. Hakuna picha inayozunguka. Hufunguka katika simu dhaifu, na mama aliyekaa nyuma ya meza ya dagaa huuona mustakabali wa mwanawe kabla chai haijapoa. Hakuna aliyesikika akilalamika kwamba jedwali lile si bunifu. Mwenye haja ya kweli hahitaji kuburudishwa njiani.

Haya yanatuhusu sisi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Wasanifu wana desturi ya kujaza umbo la ukurasa kwa maneno ya Kilatini yaliyokatwakatwa, asili yake kitabu cha Cicero cha mwaka 45 kabla ya Kristo, ili sura ionekane kabla maneno hayajapatikana. Kwa hiyo nguo hushonwa kwanza, ndipo mwili unatafutwa. Na Kiswahili kinapofika mwisho wa kazi huambiwa kijaze mashimo yaliyobaki kwa idadi ya maneno iliyokwisha kupangwa. Tumejitahidi sana katika istilahi. Tunayo tovuti, kivinjari, kiungo, kidakuzi, na akili unde, na ni haki kuzionea fahari. Lakini lugha yenye jina la kila kitu, inayoitwa tu wakati wa kupaka rangi, ingali mgeni katika nyumba yake. Na sasa programu za akili unde zinaweza kumwaga "suluhisho bunifu" kurasa elfu kwa saa moja. Maneno matupu hayajapata kuwa rahisi kama leo.

Basi, kwa wanafunzi wetu, watakaokaa kesho katika ofisi zinazoandika kurasa hizo, nina wasia mdogo. Andikeni sentensi kabla ya picha. Ulizeni nani anakuja, amebeba nini, na anatafuta nini. Kisha wekeni hicho mbele, kwa maneno anayoyatumia yeye. Mkikutana na neno la fahari, ligeuzeni mtazame kama linakanushika. Mkiombwa kutafsiri kisicho na maana, ulizeni maana kwanza, hata kama swali litaonekana la kawaida mno. Mitindo ya leo itavuliwa kama ile ya jana ilivyovuliwa, wala hakuna atakayeililia. Msomaji aliyerudi bila ya jibu ndiye hasara isiyorudishwa, kwa kuwa hakuacha jina wala malalamiko; alizima simu yake, akaenda zake.