Damu Iliyorudi: Barua kwa Binti wa Kaka

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Juzi kwenye simu ulikuwa ukinong'ona, nikajua wajukuu wako karibu, ndiyo maana sikukuuliza mengi. Nimeona nikuandikie, uisome barua hii chumbani peke yako.

Unasema hedhi imekukatika mwaka wa tatu sasa, na wiki iliyopita umeona damu kwenye nguo ya ndani, kidogo tu, rangi kama chai ya rangi, kisha ikakata. Jirani yako akakwambia ujana umerudi, mkacheka. Chekeni, lakini ujana haurudi hivyo. Mwanamke akishatimiza miezi 12 bila kuona siku zake, amekoma. Damu yoyote ya baada ya hapo, iwe tone, iwe ya mara moja, iwe ya kahawia, ni ya kupelekwa hospitali. Usingoje ije mara ya pili. Na usiniambie haiumi. Magonjwa ya kizazi mengi mwanzoni hayaumi, na hapo ndipo wengi wanapochelewa.

Najua kuna neno limekukaa moyoni hulitamki. Nitalitamka mimi: saratani. Tafiti za nchi mbalimbali zikijumlishwa, kati ya wanawake 100 wanaotokwa na damu baada ya kukoma hedhi, kama 9 ndio hukutwa na saratani ya mji wa mimba. Wengi waliobaki wana mambo mengine: homoni zimepungua, ngozi ya ndani imekonda na kukauka, ikiguswa inatoa damu, au kijinyama kimeota ndani ya kizazi, au utando wa kizazi umenenepa kupita kiasi. Lakini wale waliokoma hedhi na wana saratani hiyo, 90 hivi katika kila 100 wametokwa na damu ya namna hii. Ndiyo maana daktari mzuri haipuuzi. Tena ikikamatwa mapema, mara nyingi kizazi kinatolewa na mtu anaishi zake. Na usisahau ile ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Nayo huja na damu.

Utaniambia ulishapimwa mlango wa kizazi kwa siki ukaambiwa uko salama. Kipimo kile huwalenga zaidi wanawake wa miaka 30 hadi 50. Ukishakoma hedhi, sehemu inayotazamwa hurudi ndani, muuguzi haioni vizuri. Tena hakigusi kabisa mambo ya ndani ya kizazi. Majibu yale ya zamani hayajibu swali la leo.

Mimi yalinipata nikiwa nimekupita umri kidogo, kwa hiyo nikueleze yatakavyokuwa. Daktari wangu alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. Nilivuta kanga mpaka kidevuni. Ukitaka daktari mwanamke, omba, si dhambi. Wakikwambia hayupo, pimwa na aliyepo. Atakutazama kwanza mlango wa kizazi, kisha ultrasaundi. Hii haipitishwi juu ya tumbo tu kama ya wajawazito. Ni kifimbo chembamba, kinavikwa kondomu, kinapakwa jeli ya baridi, kinaingizwa ukeni. Mimi na mvi zangu nikaona kondomu inafunguliwa mbele yangu, nikacheka mpaka yule kijana akaona haya. Wanachopima ni unene wa utando. Ukiwa milimita 4 au pungufu, hofu inashuka sana. Ukizidi hapo, watataka kuchukua kinyama, yaani kipande cha utando huo, wakipime. Na damu ikiendelea kurudi, hata utando ukiwa mwembamba, wewe rudi.

Kuchukuliwa kinyama kunauma, wasikudanganye. Wanaingiza mrija mwembamba ndani ya kizazi, wanavuta kipande kidogo. Tumbo linakaza dakika chache, basi. Uliza mapema kama unaweza kumeza dawa ya maumivu kabla. Mlango ukiwa umebana, watakupeleka chumba cha upasuaji, upewe dawa ya usingizi, wakwangue. Kipande kinakwenda maabara, na hapo unangoja wiki, pengine zaidi. Kungoja huko ndiko kulikonichosha kuliko mrija. Changu kilikuwa kijinyama, kikatolewa, yakaisha. Lakini usiyachukue majibu yangu ukayafanya yako.

Kituo cha kwanza nilichokwenda walinipa antibayotiki tu, nikaambiwa nenda nyumbani. Wakikufanyia hivyo, kaa palepale kwenye kiti uulize: ultrasaundi lini, na kinyama lini? Mwambie daktari una sukari na presha, na umtajie kila dawa unayomeza, hasa za kuzuia damu kuganda. Usimfiche na unene. Sukari na mwili mkubwa vyote huongeza uwezekano wa saratani hii, na wewe mwili umeuchukua kwa mama yako.

Ile dawa ya kuingiza ya kusafisha kizazi, uliyouziwa, itupe leo. Itakuchubua, uzidi kutoka damu, na daktari ashindwe kujua ipi ni ipi. Mumeo mwambie, asije kudhani unamkwepa. Mambo ya sala na funga muulize mwalimu wako, lakini kumuuliza kusikucheleweshe.

Jumatatu nenda Temeke, hospitali ya rufaa, uulizie kliniki ya magonjwa ya wanawake. Chukua kadi ya bima, vidonge vyako vyote kwenye mfuko, na pedi. Andika tarehe uliyoona damu, watakuuliza. Nauli nimemtumia binti yako, nikamwambia ni ya sukari ya futari, kwa hiyo mdai. Ukitoka tu nipigie, hata iwe usiku.

Shangazi yako