Kujifunza Kutelemka Juu ya Theluji Uzeeni

Katika utumishi wangu wa polisi nilisimama miaka mingi kwenye njia panda nikiongoza magari, wala sikudhani kwamba nitakuja kufundishwa kusimama nikiwa na umri wa miaka 61. Jambo hilo lilitukia Austria, ambako binti yangu ameolewa na ni muuguzi. Mjukuu wangu wa miaka 7 alikuwa hajanizoea. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, na Kijerumani changu hakikuzidi hapo. Kila Jumamosi alivaa mbao zake za kutelezea akatokomea mlimani, nami nikabaki dirishani na kikombe cha chai. Nikaona kwamba nikiendelea hivyo nitarejea nyumbani bila ya kumjua.

"Baba, na goti lako?" akauliza binti yangu. Nikamjibu kwamba goti ni langu, na mjukuu pia ni wangu.

Viatu vyake ni vigumu kama ndoo, na aliyevivaa hutembea kama bata. Hushikwa kwenye mbao kwa vibanio ambavyo hufunguka vyenyewe mtu aangukapo vibaya, ili mguu usivunjike. Mwalimu wangu, binti ambaye angeweza kuwa kuruta wangu, alinipanga mstari mmoja na watoto wa miaka 4 na 5. (Hao huanguka na kuinuka kama mpira; sisi wazee huanguka kama gunia.) Somo la kwanza lilikuwa kuanguka kwenyewe: angukia ubavu, upande wa mlimani, kisha zilaze mbao zikingame mteremko ndipo uinuke. Ukizielekeza bondeni zitaondoka kabla yako.

Somo la pili wao huliita plau. Ncha za mbele hukaribiana, mikia hutanuliwa, na kingo za ndani hukwangua theluji hata mwendo ukapungua. Ukitaka kupinda kushoto, elemea mguu wa kulia. Hapo ndipo mwili hukataa amri. Ukiogopa hujivuta nyuma kuelekea mlimani, na ukijivuta nyuma mbao hukosa uzito mbele, zikakimbia bila kutii. Huna budi kuliinamia bonde lile lile unaloliogopa. Siku mbili nzima mwili wangu ulikataa. Siku ya tatu mwalimu alinishurutisha nitazame niendako badala ya kutazama miguu, na plau ikashika.

Ufundi huu una historia ya kiaskari pia. Mathias Zdarsky wa Lilienfeld, nchini humo humo, aliandika kitabu cha mafunzo mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1905 akaandaa mashindano ya kupita baina ya milango 85 kwenye mlima Muckenkogel. Katika Vita Kuu ya Kwanza alifundisha askari. Mwaka 1916 poromoko la theluji likamvunja mifupa mingi, naye akapona. Hata Afrika Mashariki imo: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya mwaka 2018.

Kilichonifurahisha zaidi, nakiri, ni sheria za barabarani za mlimani. Ziko kanuni 10 za kimataifa tangu mwaka 1967. Atokaye nyuma ndiye mwenye wajibu wa kumwepuka aliye mbele. Pakitokea ajali kila mtu hulazimika kusaidia, na mashahidi pia hutoa majina yao. Laiti madereva wetu wangalizijua!

Jumamosi iliyofuata niliomba kufuatana na mjukuu kwenye njia yenye alama ya buluu, ambayo ndiyo nyepesi. Alinitangulia polepole, akigeuka kila mara kunitazama. Mteremko ulipozidi, akapaza sauti: "Babu, plau! Plau!" Neno hilo nilikuwa nimemfundisha mezani jana yake, kwa kijiko na uma. Tulifika chini salama, tukanywa supu. Goti liliniuma siku nne.