Barza za Bukavu: tuziangalie vizuri kabla ya kupaka rangi

Anayetoka Nyawera na kushuka Muhumba anaona barza za nyumba zilizojengwa zamani, wakati mji wetu ungali unaitwa Costermansville. Ni pana, zina ngazi mbili tatu, na sakafu yake ni ya simenti iliyopakwa rangi, mara nyingi nyekundu. Akipanda Kadutu au akienda Bagira anakuta barza ndogo zaidi, lakini kazi ni ile ile. Hapo tunapokea wageni, tunachambua maharage, na wakati wa kilio watu wanakesha. Hapo pia mtoto wa miezi minane anajifunza kutambaa.

Rangi za zamani zinabanduka. Kiangazi kikifika, mwezi wa 6 hadi wa 8, wengi wetu tunanunua kopo moja na kupaka juu ya ile ya zamani. Mvua ya mwezi wa 9 inarudi, na kabla ya Noeli sakafu imetoa malengelenge. Tunamlaumu mwenye duka.

Lakini tukumbuke mji wetu uko juu ya vilima vinavyoshuka mpaka ziwani Kivu. Maji ya jirani wa juu yanapita chini ya sakafu ya jirani wa chini, simenti inayanyonya, na yakitafuta njia ya kutoka yanainua rangi. Kipimo chake ni rahisi. Chukua kipande cha plastiki kama nusu metro kila upande, kibandike sakafuni kwa skochi pande zote, ukiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini ya plastiki, usinunue rangi bado. Chimba kwanza mfereji upande wa mlima, na uangalie maji ya manjanja yanaangukia wapi.

Halafu angalia nyufa. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Mungu asubuhi, tetemeko la ardhi lilipasua nyumba nyingi hapa. Ufa wa aina hiyo ukiwa umetulia, fundi anaweza kuupanua kidogo kwa patasi, kuulowesha, na kuujaza simenti moja kwa mchanga tatu. Simenti mpya inyweshwe maji siku kadhaa, kisha ingojewe kama mwezi mmoja kabla ya rangi. Lakini kuna sehemu kama Funu ambako ardhi yenyewe inateremka polepole. Chora mstari wa kalamu kwenye ncha ya ufa, andika tarehe, urudi kuangalia kila mwezi. Ukiona ufa umepita mstari, rangi itakuficha hatari tu. Mwite fundi anayejua misingi, na umjulishe chef wa kartiye.

Jambo la tatu linahusu watoto wetu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo kwa Kifaransa ni plomb. Yanaharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anayetambaa anashika vumbi na kutia vidole mdomoni. Kwa hiyo tusikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu, wala tusiichome kwa moto. Lowesha sakafu kwanza, kwangua kwa brashi ya waya, funika pua na mdomo. Watoto na mama mwenye mimba wakae mbali siku hiyo. Maganda yakusanywe ndani ya mfuko na kufungwa. Yasitupwe kwenye shamba la lengalenga wala kwenye mfereji unaoshuka ziwani. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Baada ya hapo sugua sakafu kwa sabuni, suuza, iache ikauke kabisa. Omba dukani rangi ya sakafu, maana ile ya ukuta haivumilii viatu. Paka mara mbili, nyembamba, ukianzia mlangoni na kumalizia kwenye ngazi. Kwenye ngazi nyunyiza mchanga mwembamba uliochekechwa rangi ikiwa bado mbichi, ili koko asiteleze mvua ikinyesha.

Ambaye feza haitoshi asione haya. Simenti iliyokwanguliwa vizuri, ikazibwa na kusafishwa, ni barza nzuri hata bila rangi. Kikundi kinaweza kununua brashi mbili za waya na patasi moja, vikazunguka kwa kila mmoja kama tunavyozungusha feza ya likelemba.

Kazi ya kuanzia juma hili haiombi feza: kipande cha plastiki, kalamu, na tarehe.