Saksafoni ya Kadiri ya Mfuko

Mtu aliyeacha muziki miaka mingi akitaka kuurudia, kwanza huulizia bei ya chombo. Lakini nyuma ya swali hilo kuna jingine ambalo hulitamka kwa nadra: je, ni halali nitumie pesa kwa jambo hili, kwa umri huu, na karo ya watoto haijaisha? Hapa Riruta Satellite, Nairobi, ambako shilingi huwa imeshapata mwenyewe kabla mshahara haujaingia, swali hilo la pili ndilo zito. Nawaandikia wote, kuanzia Kawangware hadi Kibera, waliopiga chombo shuleni au kanisani, wakakiweka chini kwa ajili ya kazi na malezi, na bado vidole vyao hutafuta noti juu ya goti wimbo wa zamani unapopigwa ndani ya matatu.

Mimi nilikua nikisikiliza bendi. Les Mangelepa, iliyoundwa hapa Nairobi mwaka 1976 na wanamuziki waliotoka katika bendi ya Baba Gaston, ndiyo iliyonionyesha jinsi vyombo vya kupuliza vinavyoweza kuzungumza na magitaa. Nilijifunza saksafoni katika bendi ya kanisa, nikaipiga kwa miaka, hadi siku ilipouzwa kwa sababu nyumba ilihitaji pesa. Pesa zile zilifanya kazi yake, na sina kinyongo nazo. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo lilikwenda, uhunzi ukabaki.

Miaka mingi baadaye, zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika, nilikaa na mke wangu tukapanga. Tuliamua kwamba pesa za saksafoni zisiishie kwenye saksafoni. Sehemu tuliitenga kwa ajili ya fundi, na sehemu kwa ridi, kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni na kuzaa sauti, kwa kuwa huchakaa na lazima kibadilishwe mara kwa mara. Bei nafuu ni ile inayokuachia uwezo wa kukitunza chombo. Ukimaliza kila senti dukani, saksafoni itaanza kuvujisha hewa, nawe utairudisha sandukuni kusubiri mwezi mzuri ambao huenda usifike.

Kuna habari moja ya mwaka 1953 ambayo hunipa moyo. Charlie Parker, mmoja wa wapigaji wakubwa kabisa wa saksafoni ya alto, alipanda jukwaa la Massey Hall mjini Toronto na saksafoni ya plastiki. Ilikuwa Grafton, iliyotengenezwa London na kukusudiwa kuuzwa kwa bei ya chini kuliko zile za shaba. Onyesho lile lilirekodiwa, na hadi leo watu hulisikiliza kwa heshima. Pumzi na sikio la mpigaji vina uzito kuliko jina lililochongwa kwenye shaba. Lakini Grafton ina funzo la pili. Plastiki yake ilivunjika kwa urahisi na kuitengeneza kulikuwa taabu, kwa hiyo chache tu ndizo zilizodumu. Chombo cha bei ya chini kinaweza kubeba muziki mkubwa. Swali ni kama kitatengenezeka kikiharibika.

Ndiyo maana nilichagua alto, ambayo kwa kawaida ni nyepesi na ya bei ya chini kuliko tenori, na nikaamua kutafuta iliyotumika ya kampuni inayojulikana badala ya mpya inayong'aa isiyo na vipuri. Nilimwomba kijana anayepiga kanisani kwetu anisindikize. Anayerudi baada ya miaka asinunue peke yake. Vidole hukumbuka haraka, lakini misuli ya midomo hulegea, na sauti ikikwaruza huwezi kujua kama kosa ni la chombo au ni la midomo yako.

"Mzee, anza na noti za chini kabisa," kijana aliniambia tulipofika kwa muuzaji, kisha akaipiga saksafoni yeye mwenyewe nikasikiliza. Alikuwa na sababu. Noti za chini huhitaji karibu kila tundu lizibwe sawasawa. Pedi za ngozi zinazoziba matundu hayo hukauka na kuwa ngumu chombo kikikaa muda mrefu bila kupigwa. Zikivujisha, noti za chini hukataa kutoka, au hutoka tu ukivikaba vibonyezo kwa nguvu. Tuliangalia pia koki (cork) ya shingoni, springi, na kama mwili umebonyea. Tukamwomba muuzaji risiti, maana katika jiji letu chombo kizuri cha bei ya kushangaza huenda kimemliza mtu mwingine. Moja tuliiacha. Nyingine ilikuwa na mikwaruzo mingi na rangi iliyobabuka, lakini ilijibu kuanzia juu hadi chini. Hiyo ndiyo niliyoinunua.

Kisha likaja suala la majirani. Mbelgiji Adolphe Sax, aliyepata hataza ya chombo hiki Paris mwaka 1846, alikitaka kisikike katika bendi za kijeshi uwanjani, na kwenye ploti zetu, ambako familia mbili zinagawana ukuta mmoja, kinasikika kweli. Kukijaza nguo mdomoni hakusaidii sana, kwa kuwa sauti hutokea pia kwenye matundu ya ubavuni. Sonny Rollins alikabili tatizo hilohilo New York. Mwaka 1959, akiwa tayari na jina, aliacha kutumbuiza ili ajinoe upya, na kwa kuwa hakutaka kuwasumbua majirani alikwenda kufanyia mazoezi kwenye daraja la Williamsburg. Aliporudi alitoa albamu aliyoiita The Bridge, mwaka 1962. Mimi daraja langu ni ukumbi wa kanisa baada ya usafi wa jioni, kwa ruhusa ya mzee wa kanisa. Huko nashika noti moja ndefu hadi pumzi iishe, kisha nyingine, kwa ridi laini kuliko niliyotumia ujanani.

Noti hizo ndefu ndizo zilizonipa jibu la swali zito la mwanzo. Sikurudi kutafuta kijana niliyekuwa. Yule alikuwa na kasi. Mimi sasa nina subira, na nasikia vitu katika noti moja ambavyo yeye alivipita mbio. Kule Uganda, Moses Matovu amekuwa na Afrigo Band tangu ilipoanzishwa mwaka 1975, na ameendelea kuipiga saksafoni hadi uzeeni. Yeye hakuacha, mimi niliacha. Lakini kinachomweka jukwaani ndicho kinachotakiwa kwangu, nacho ni kukipiga chombo leo.

Kwa hiyo ndugu yangu, ni halali. Karo ilipwe, kodi ilipwe, na sehemu ndogo iwekwe kando bila aibu, kwa sababu watoto wanaomwona mzazi akijifunza upya wanapata elimu isiyo na karo. Nunua kitakachopigika na kutengenezeka, ukijaribu na mwenzako, ubakize pesa za fundi, na ujue utapigia wapi kabla ya kulipa. Wangu wa mwisho ameshaanza kuniuliza lini atafundishwa. Nimemwambia tutaanza likizo ya Agosti.