Ukuta wa Mikoko

Nami nimo katika waliokata. Ujanani nilikuwa nikiteremka kutoka Makurunge hadi mlango wa mto Ruvu, nikikata boriti, nikiziuza Bagamoyo. Na pesa zake (usinicheke) nilinunulia redio. Marehemu babu akinikanya: mlilana huelekea bahari, mkoko humfuata, mkandaa hukaa nyuma, ukiivunja safu ya mbele, maji yatakuingilia. Niliyaona maneno ya kizee.

Basi tazama Maziwe, kisiwa kilichoko mbele ya Pangani. Kilikuwa na mivinje, na kasa wakitaga mchangani. Miti ikakatwa, mawimbi yakala mchanga, na ilipofika miaka ya 1980 kikabaki fungu tupu, bahari ikijaa halionekani. Siku hizi mayai ya kasa huhamishiwa pwani ya Ushongo, yasizame.

Na bahari sasa inapanda. Wataalamu huja na ramani, na elimu yao twaihitaji. Lakini wamwulize na mvuvi mche gani hushika wapi.

Mwaka huu, maji mafu, nilikwenda na wajukuu tukachomeka mbegu za mkoko nyuma ya milalana. Nyingi zimechukuliwa na maji. Maji mafu yajayo tutarudi, inshallah.